Ngonjera, miche na daftari: kisa cha shule moja kando ya Ziwa Duluti

Shule yenyewe ni ya msingi, ya serikali, ipo Tengeru, mwendo wa miguu kutoka Ziwa Duluti. Sitaitaja jina, maana kisa hiki kinagusa wazazi na watoto ambao bado wanaishi pale pale. Walimu wameniruhusu kuandika yaliyotokea, nami nayaandika kwa sababu nimeziona shule nyingi za Arusha na Moshi zikipita njia hiyo hiyo: watoto wanaitwa kuadhimisha ziwa, wanaimba, wanapanda miti, wanarudi darasani, na ziwa linabaki na shida zake. Shule hii nayo ilianza hivyo. Baadaye ikabadilisha jambo moja, na jambo hilo ndilo ninalotaka tulitazame kwa makini.

Siku ya kilele

Ilikuwa Wiki ya Maji, ambayo nchini kwetu hufikia kilele tarehe 22 Machi, Siku ya Maji Duniani inayoadhimishwa tangu 1993. Watoto walipangwa mistari tangu asubuhi, wakaandamana na mabango kutoka barabara kuu, skauti mbele. Ziwani kulikuwa na maturubai, vipaza sauti, kwaya, risala kwa mgeni rasmi. Darasa la sita walighani ngonjera nzuri kweli, ambayo beti zake zilimlaumu mama anayefua kandokando ya ziwa na mvuvi mwenye nyavu za macho madogo. Kisha watoto wakaokota taka, zikarundikwa pamoja zikachomwa moto. Mwisho ikapandwa miche, picha zikapigwa, na wageni wakanywa maji ya chupa chini ya turubai huku watoto wakiwa juani.

Siidharau siku ile. Mtoto aliyesimama mbele ya kijiji kizima akalighania ziwa la kwao hatalisahau kirahisi, na si jambo dogo kwa mtoto kusikia watu wazima wakisema kwa sauti kubwa kwamba mahali anapoishi pana thamani. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza watoto hawa watafanya nini kesho yake.

Miche ilipandwa wakati mzuri, masika yakikaribia, na mvua zikaitunza hadi Mei. Juni shule zikafungwa, kiangazi kikashika, mbuzi wakapita. Zamu ya kumwagilia haikuwepo. Iliyosalia ilikuwa mikaratusi michache, kwa kuwa mbuzi hawaipendi, na mkaratusi ndio mti ambao watu wa misitu wanaonya usipandwe karibu na vyanzo vya maji kwa jinsi unavyoyanywa. Mzee mmoja wa pale aliwauliza watoto ni nani aliyeleta mikaratusi ziwani ilhali mikuyu, misesewe na miringaringa ni miti ya huko huko kwao. Watoto hawakuwa na jibu. Miche ilikuja na gari asubuhi ya sherehe, wao wakaambiwa wachimbe mashimo.

Swali la mzee lilimfikia mwalimu wa sayansi, na hakuliacha lipite.

Mita 9

Ili kuelewa alichokifanya, lazima kwanza tulijue ziwa lenyewe. Duluti ni ziwa la kasoko, shimo la volkano lililojaa maji, chini ya Mlima Meru. Ukubwa wake ni hekta zipatazo 60, na limezungukwa na msitu mdogo wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Hakuna mto unaoonekana ukiingia wala ukitoka. Maji yake ni ya mvua na ya chini ya ardhi. Ni maji baridi, tofauti na Momella kule ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako maji ni ya magadi na heroe huenda kula.

Sasa kina chake. Tangu zamani watu husema Duluti halina mwisho, na baadhi ya wanaotembeza wageni hutaja mamia ya mita. Wanasayansi waliochimbua tope la chini yake ili kusoma historia ya mazingira wamelipima wakapata takriban mita 9.

Nalikalia jambo hili kwa sababu naamini ndilo linaloamua mengine yote. Anayeamini kwamba ziwa halina mwisho haoni ubaya wa kutupa kitu ndani, kwani kitazama na kupotea. Anayejua kwamba ni mita 9 tu, na kwamba hakuna mto wa kubeba uchafu kwenda nao, anaelewa kwamba udongo wa shamba, sabuni na chupa vilivyoingia mwaka huu bado vitakuwepo mwakani. Mwalimu aliwaambia watoto wafikirie beseni ambalo unaweza kuliongeza maji lakini huna namna ya kulimwaga. Jua linakausha maji, uchafu unabaki.

Na inaumiza kidogo kufikiri kwamba mtoto wa darasa la tano Tengeru anakutajia bila kusita kina cha Ziwa Tanganyika, mita 1,470, na ukubwa wa Ziwa Viktoria, kilomita za mraba 68,800, lakini ziwa analoliona akienda shuleni hakuna aliyewahi kumwambia lina kina gani. Vitabu vyetu vinafundisha maziwa makubwa. Haya madogo, Duluti, Chala, Jipe, yanabaki kuwa mahali pa kuogopa au pa kupeleka wageni.

Kazi badala ya tukio

Klabu ya mazingira ilikuwepo tayari, kama ilivyo katika shule nyingi. Nchi yetu ina historia ndefu ya jambo hili. Klabu za Malihai zilianzishwa 1980 na makao yake yako hapa hapa Arusha, na mwaka 1991 mtafiti wa sokwe Jane Goodall alianzisha klabu za Roots & Shoots jijini Dar es Salaam akiwa na wanafunzi 12. Watoto wa kujitolea hawajawahi kukosekana. Klabu nyingi zinakwama kwa sababu hazina kazi yenye mwendelezo, kwa hiyo zinaamka Machi na Juni, Siku ya Mazingira ikikaribia, kisha zinalala tena.

Mwalimu alichagua darasa la tano. Darasa la saba lina mtihani Septemba, darasa la nne nalo lina wake, na ukiwapa kazi hii wazazi watailalamikia kwa haki. La tano lina nafasi, na mwaka unaofuata watakuwa la sita, waweze kuwafundisha wadogo zao. Kila wiki mbili kundi dogo lingekwenda ziwani na daftari moja, na kuandika mambo matatu.

La kwanza ni kimo cha maji, kwa mti uliochorwa sentimita na kusimikwa penye maji kidogo. La pili ni uangavu wa maji. Hapa walitumia kifaa alichokibuni padri wa Kiitalia, Angelo Secchi, mwaka 1865: sahani ya duara inayoteremshwa kwa kamba hadi isionekane, kisha unapima kamba. Cha watoto kilikuwa mfuniko wa ndoo uliokatwa upana wa sentimita 20, ukapakwa rangi nyeusi na nyeupe kwa robo, ukafungwa jiwe chini. La tatu ni taka: zimeokotwa wapi, na ni za aina gani. Shuleni kwenyewe wakaongeza kipima mvua cha chupa iliyokatwa.

Kuhusu usalama mwalimu hakulegeza hata kidogo, na kwangu hili linatangulia sayansi yote. Kila mzazi alitia sahihi. Hakuna mtoto aliyeingia majini, hata mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mti wa kipimo ulisimikwa na mtu mzima, na sahani iliteremshwa kutoka kwenye gati, mtu mzima akiishika kamba pamoja na mtoto. Kuzama ni hatari ya kwanza, na kingo za kasoko hushuka ghafla. Ya pili ni kichocho, ambacho vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Aliyeokota taka alivaa glavu, akanawa kwa sabuni mbali na ukingo. Shule isiyoweza kutimiza haya isiwapeleke watoto ziwani. Ipime mvua na mto ulio karibu, inatosha.

Daftari lilichosema

Mwezi wa kwanza haukuwa na la kusisimua, na watoto wawili watatu waliacha. Kisha mvua za vuli zikanyesha, na sahani ikaanza kupotea machoni mapema zaidi kuliko kabla ya mvua. Watoto waliona kwa macho yao kwamba kipima mvua cha shuleni na kamba ya ziwani vinazungumza: mvua kubwa, kisha maji mazito. Wakapanda juu kidogo kutafuta udongo unatoka wapi, wakaona mifereji ya maji ya mvua kwenye mashamba yasiyo na makinga maji.

Taka ndizo zilizozua mjadala. Wakati wa sherehe zilichomwa zote pamoja, na huo moshi wa plastiki ulikuwa uchafuzi mwingine juu ya uchafuzi. Safari hii zilitengwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea haikuwa mingi, na hapo unaona kazi ya marufuku ya 1 Juni 2019. Kilichojaa ni chupa za maji na soda, vifuniko vyake, vifungashio vya biskuti na sahani za kutupa. Nyingi zilikuwa sehemu wanazokaa watu waliokuja kupumzika mwisho wa wiki. Mahali pa kufulia palikuwa na vifuko vya sabuni ya unga, na si vingi kulinganisha na kule.

Kwa maneno mengine, ngonjera ilikuwa imemlaumu mtu asiye mkosaji mkuu. Na kule kumlaumu hakukukosa madhara, kwa sababu siku watoto walipofika mara ya kwanza na daftari lao penye wanaofua, walikutana na uso mgumu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmetumwa kuja kutufukuza?"

"Hapana mama. Tumekuja kuuliza."

Mama akacheka, akawaambia waulize. Akaeleza kwamba bomba la mtaani kwao halitoi maji kila siku, na nguo za watoto wa shule, pengine pamoja na sare za hao waliosimama mbele yake, haziwezi kusubiri. Akaongeza kwamba kama kungekuwa na mahali pa kufulia hatua kadhaa kutoka ukingoni, yeye hana haja ya kupiga magoti kwenye tope.

Hapa sabuni inahitaji maneno machache, maana mara nyingi watoto huambiwa tu kwamba ni mbaya. Baadhi ya sabuni za unga zina fosfeti, na fosfeti ni mbolea kwa mwani. Mwani ukishamiri kisha ukafa, unaoza, na kuoza huko kunakula oksijeni ya majini, samaki wakakosa hewa. Maji ya sabuni yakimwagwa kwenye udongo mbali na ukingo, sehemu kubwa ya fosfeti hushikwa na udongo. Kwa hiyo suluhisho la mama yule, la kuchota na kufulia mbali, lilikuwa sahihi kisayansi kabla mtoto yeyote hajaandika neno.

Bustani ya baba

Jambo gumu kuliko yote lilitokea katika muhula wa pili wa kazi hii. Watoto walikuwa wakichora ramani ya ukingo kwa miguu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mwalimu aliwapa kamba waone mita 60 ni umbali gani. Kamba ikaingia katikati ya bustani ya nyanya na sukuma. Msichana mmoja akanyamaza. Bustani ilikuwa ya baba yake.

Tafakari uzito huo kwa mtoto wa miaka kumi na moja. Ada ya michango, daftari analoandikia, viatu, vyote vinatoka kwenye bustani hiyo. Wenzake wanajua. Kesho ramani itasomwa mbele ya kijiji.

Mwalimu aliamua palepale kwamba ramani haitakuwa na jina la mtu yeyote. Kila eneo lingepewa namba, na kitakachoandikwa ni kile kinachoonekana: shamba, mfereji, njia ya mifugo, jaa. Nani ni mwenye shamba ni kazi ya serikali ya kijiji kujua. Kisha akamfuata yule baba nyumbani, bila mtoto kuwepo, akamweleza mwenyewe kabla hajasikia kwa watu.

Nimesikia wengine wakisema mwalimu alilegea, kwamba sheria ni sheria. Sikubaliani nao kabisa. Kumtumia mtoto kumshtaki mzazi wake ni kuvunja nyumba ili kuokoa ziwa, na mwishowe unakosa vyote viwili, kwa sababu hakuna mzazi atakayemruhusu mtoto kurudi kwenye klabu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake. Haimpi kazi ya askari. Kwa maoni yangu uamuzi ule wa kuandika namba badala ya majina ndio uliookoa mradi mzima, na kila shule inayotaka kuiga kisa hiki iuchukue kwanza kabla ya sahani na kamba.

Kusomwa mbele ya watu wazima

Mwaka uliofuata, Wiki ya Maji ilipofika, turubai lilikuwepo na kwaya iliimba. Lakini nafasi ya ngonjera ya lawama ilichukuliwa na watoto watatu waliosoma daftari: kimo cha maji kilivyopanda na kushuka, uangavu kabla na baada ya mvua, taka zilikookotwa. Mwishoni walisoma maombi matatu, kila moja likiwa limeelekezwa kwa mtu aliyekaa pale. Hilo lilikuwa wazo la mwenyekiti wa kamati ya shule: ombi lisilo na mwenyewe halijibiwi.

Kwa kuwa mamlaka juu ya ziwa kama hili yamegawanyika, ilibidi watoto wafundishwe nani ni nani. Msitu una msimamizi wake. Maji yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye ofisi Moshi, kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Ardhi ya pembeni ni ya kijiji na halmashauri. Watu wazima wengi hawajui mgawanyo huu, ndiyo maana malalamiko huzunguka.

Ombi la kufulia lilijibiwa haraka. Kijiji kilitenga mahali mbali na ukingo, mafundi wakamwaga zege kidogo, mama wakaanza kupatumia. Ombi la mapipa ya taka na tangazo la "ondoka na taka zako" lilichukua muda mrefu, likatekelezwa nusu. Ombi la tatu, kuhusu mashamba ya juu na ya ukingoni, halijatekelezwa. Barua moja haikupata majibu. Baba wa yule msichana mwenyewe alipanda mistari ya matete na majani ya malisho upande wa chini wa bustani kuzuia udongo, na hilo ni jema, lakini bustani bado iko ndani ya mita 60 na familia haina shamba lingine. Kuwahamisha watu kunahitaji ardhi mbadala na fedha. Watoto hawana vitu hivyo, na ni lazima waambiwe ukweli huo, wasije wakadhani kwamba wameshindwa.

Wapo waliofanya haya kwa kiwango cha mkoa mzima. Ziwa Biwa huko Japani lilipatwa na mwani mwekundu mwaka 1977. Wananchi wa Shiga, mkoa lilipo ziwa hilo, kina mama wakiwa mstari wa mbele, waliacha sabuni za fosfeti, na 1979 mkoa ukapitisha kanuni ya kuzikataza. Mwaka 1983 mkoa ulianzisha shule inayoelea, meli ambayo wanafunzi wa darasa la tano wa Shiga hulala ndani yake, wakipima maji na kutazama viumbe vyake. Kinachonigusa ni kwamba sheria na sabuni vilishughulikiwa na watu wazima kwanza, watoto wakakuta ziwa ambalo wakubwa wao wameshaonyesha kulijali.

Tarehe mbili, na maziwa mengine

Desemba 2024 Umoja wa Mataifa uliitangaza 27 Agosti kuwa Siku ya Maziwa Duniani, kwa kukumbuka mkutano wa kwanza wa dunia kuhusu maziwa uliofanyika Shiga mwaka 1984. Kwa shule za Arusha na Moshi tarehe hii imekaa vizuri mno. Machi ni mlango wa masika, Agosti ni katikati ya kiangazi na shule ziko wazi. Shule ya Tengeru imepanga kuzifanya zote mbili kuwa siku za kusoma daftari hadharani, ili kijiji kisikie kimo cha maji cha Machi na cha Agosti kutoka mdomo wa mtoto yuleyule. Miche sasa inaoteshwa kwenye kitalu cha shule, mikuyu na miringaringa, na kila mche una watoto wawili na nyumba iliyo jirani ya kuutazama wakati wa likizo.

Mwalimu aliyeanzisha haya amehamishwa. Daftari, kamba na sahani viko ofisini kwa mwalimu mkuu, na kazi imeandikwa kwenye mpango wa shule chini ya Jiografia na Mazingira, si chini ya jina la mtu. Mwalimu mpya alikuta darasa la sita likiwafundisha la tano.

Walimu wa upande wa Kilimanjaro wameniuliza kama wanaweza kuiga. Chala, kule Rombo, nisingewapeleka watoto majini kabisa: kuta za kasoko ni mwinuko mkali na ziwa lina kina cha zaidi ya mita 90. Huko ningeanza na taka za juu kwenye ukingo, pamoja na hadithi ya perege wake, Oreochromis hunteri, asiyepatikana kiasili mahali pengine popote duniani. Jipe, wilayani Mwanga, ni kinyume: maji ni ya kina kifupi na matete yameziba sehemu kubwa, hivyo jambo la kupima ni matete yamesogea wapi mwaka hadi mwaka, na hilo linafanyika kwa kusimika alama nchi kavu. Jipe hutoa maji yake kwa Mto Ruvu kwenda Bwawa la Nyumba ya Mungu, na ng'ambo yake ni Kenya. Upande ule nao kuna watoto wa shule wanaozungumza Kiswahili hiki hiki, kwa hiyo daftari la Jipe linaweza kuandikwa na shule mbili, moja kila upande, kwa vipimo vya siku moja.